Mkemia Mchambuzi na Maji ya Mara

Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara, katika sehemu yake ya chini inayoelekea Ziwa Viktoria, yaligeuka rangi yakawa meusi, yakatoa harufu mbaya, na samaki wakaonekana wakielea wamekufa. Wananchi walionywa wasiyatumie. Kabla majibu ya maabara hayajatoka, watu walikuwa na majibu yao tayari, na wengi walinyoosha kidole kuelekea kwenye machimbo ya dhahabu. Serikali iliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyewahi kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kamati ilieleza kwamba chanzo kikuu kilikuwa mabaki ya viumbe, yaani vinyesi vya mifugo na mimea iliyooza, ambayo yalisombwa na maji na kuimaliza oksijeni iliyomo mtoni. Wengi hawakuisadiki taarifa hiyo, na wako walioicheka waziwazi.

Makala haya hayakusudii kuirudia kesi hiyo. Yanakusudia kuuliza swali moja ambalo lawahusu walimu na wanafunzi wa sekondari, hasa wale wa Musoma, Bunda na Butiama: kwa nini jibu la wasomi, lenye vipimo ndani yake, lilikosa uzito mbele ya wananchi? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba kipimo hakipati heshima yake siku ya msiba. Heshima hiyo hutafutwa siku za kawaida, wakati maji ni safi, samaki wazima, na hakuna mtu anayeuliza lolote. Kazi hiyo ya siku za kawaida ndiyo maisha ya mkemia mchambuzi, na Mkoa wa Mara una upungufu mkubwa wa kazi hiyo.

Mkemia mchambuzi ni nani?

Wakemia ni wengi na kazi zao ni mbalimbali. Wako wanaotengeneza vitu vipya: dawa, rangi, mbolea, plastiki. Mkemia mchambuzi hatengenezi kitu. Yeye huulizwa maswali mawili tu: kitu hiki kina nini ndani yake, na kina kiasi gani? Maswali hayo ni mafupi, lakini mtu aweza kuyatumikia miaka thelathini au arobaini asiyamalize.

Mwanzo wa safari yake kila mwanafunzi wa kemia anaujua. Ni siku ile ya kwanza anapokabidhiwa bureti na pipeti, akaambiwa adondoshe asidi katika alkali tone baada ya tone hadi rangi igeuke. Mwanafunzi mmoja husoma sentimita za ujazo 24.6, jirani yake husoma 25.1, na wa tatu, akiona tofauti hiyo, huandika 24.8 ili awaridhishe wote wawili. Huyo wa tatu ndiye wa kuonywa mapema. Hakuharibu hesabu peke yake, ameharibu ushahidi. Mkemia mchambuzi huandika alichokiona, hata kama kinamwaibisha, kisha hurudia kipimo mara tatu ili ajue mkono wake unatikisika kiasi gani.

Baada ya sekondari na shahada ya sayansi, kijana huyo huingia katika maabara ya umma, ya kiwanda, ya mgodi au ya chuo. Nchini Tanzania mlango mkongwe kuliko yote ni Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo chimbuko lake ni maabara iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1895, enzi za Wajerumani. Ipo pia milango ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, na ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Popote aingiapo, miezi yake ya kwanza huwa ya kuosha vyombo, kupima mizani, kutayarisha miyeyusho na kujaza daftari. Wengi huiona kazi hiyo kuwa ya kidhalili. Kwa hakika ndiyo shule yenyewe, kwani chupa iliyooshwa vibaya yaweza kuleta madini ambayo hayakuwamo mtoni.

Namna zebaki inavyopimwa

Yafaa kutoa mfano mmoja kwa ukamilifu, ili msomaji aone ugumu ulipo. Katika Wilaya ya Butiama ipo Buhemba, mahali palipochimbwa dhahabu tangu enzi za ukoloni na ambapo wachimbaji wadogo wamekuwa wakitafuta riziki. Mchimbaji mdogo husaga mawe kwa karasha, huosha unga wake mwaloni, kisha huuchanganya na zebaki. Zebaki huishika dhahabu na kufanya donge. Donge hukamuliwa katika kitambaa na kuchomwa motoni. Zebaki huondoka kama mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Sehemu yake huvutwa na mchomaji na watoto waliomzunguka, na sehemu nyingine hurudi ardhini na majini.

Sasa mkemia aletewe samaki aliyevuliwa Musoma, aulizwe kama ana zebaki. Kikomo kinachotumiwa mara nyingi kwa samaki wa kuliwa ni miligramu 0.5 kwa kila kilo. Hiyo ni nusu gramu katika tani nzima ya samaki. Hakuna jicho, pua wala ulimi uwezao kutambua kiasi hicho.

Mkemia hukata kipande cha nyama ya samaki, hukipima kwa mizani, na kukiyeyusha katika asidi kali yenye moto mpaka nyama yote ipotee na kubaki maji maangavu. Kisha huongeza kloridi ya bati, ambayo huirudisha zebaki katika hali yake ya metali. Hapa ndipo tabia ya pekee ya zebaki inapomsaidia, kwa kuwa zebaki hutoa mvuke wa kutosha bila kuchemshwa, jambo lisilofanywa na metali nyingine za kawaida. Hewa hupulizwa ndani ya maji hayo, ikaubeba mvuke na kuupitisha katika mrija mbele ya taa inayotoa nuru ya urefu wa wimbi wa nanomita 253.7. Atomi za zebaki huifyonza nuru hiyo. Kadiri zilivyo nyingi, ndivyo nuru inayofika upande wa pili inavyopungua. Msingi wa vipimo vya namna hii uliwekwa na Alan Walsh wa Australia mwaka 1955, alipoonyesha kwamba ufyonzaji wa nuru na atomi waweza kutumiwa kupima metali za aina nyingi.

Lakini mashine ni nusu tu ya kazi. Mkemia hupima pia chupa isiyo na samaki ndani, iliyopitia asidi zile zile, ili ajue uchafu wa maabara yake mwenyewe. Huongeza zebaki ya kiasi anachokijua katika sampuli nyingine, aone kama ataipata yote. Hupima pia nyama ya samaki iliyothibitishwa na maabara nyingine za dunia. Akikosea katika hiyo, basi majibu yake yote ya siku hiyo hayana maana, naye hupaswa kuyatupa. Kuyatupa majibu ya kazi ya siku nzima, bila kuamriwa na mtu, ndicho kipimo cha utu wa mkemia mchambuzi.

Mafunzo kutoka ziwani

Yapo mambo matatu yaliyotokea katika Ziwa Viktoria ambayo kila mwalimu wa kemia angeweza kuyatumia darasani.

La kwanza ni la mwaka 1999. Mwaka huo Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria wasiingie katika masoko yake, baada ya kuzuka habari kwamba wavuvi walikuwa wakitia sumu majini. Viwanda vya minofu ya sangara, vikiwamo vya Mwanza na Musoma, vilipata pigo, na pamoja navyo wavuvi, wachuuzi na wapakizi. Wavuvi waliotumia sumu walikuwa wachache, lakini adhabu ilimpata kila mtu. Aliye mkweli hakuwa na njia ya kuuonyesha ukweli wake, kwa sababu mnunuzi hakutaka kiapo, alitaka kipimo kutoka maabara anayoiamini. Nchi zetu zililazimika kuimarisha ukaguzi na maabara zao ndipo mlango ukafunguliwa tena. Maabara ya kupima ubora wa samaki iliyoko Nyegezi, Mwanza, ni sehemu ya juhudi za namna hiyo.

La pili linawahusu wakulima. Bunda ni nchi ya pamba, na pamba ni zao linalopigwa dawa nyingi za wadudu. Mvua ikinyesha, mabaki ya dawa huweza kuteremka na maji hadi Ghuba ya Speke. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, Henry na Kishimba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima sangara na sato kutoka sehemu ya kusini ya ziwa. Walikuta mabaki ya DDT na ya endosalfani, lakini kwa viwango vidogo vilivyokuwa chini ya kikomo cha kimataifa. Habari ya namna hii haivutii magazeti. Hata hivyo thamani yake ni kubwa: inamwambia mlaji kwamba aweza kula, na inamwambia mtawala kwamba dawa zinafika ziwani na lazima ziendelee kutazamwa. Endosalfani yenyewe iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani.

La tatu ni la ajabu kidogo. Watu walikwisha kuogopa kwamba zebaki ya machimbo ingeleta kwetu msiba kama ule wa Minamata, Japani. Huko ugonjwa wa mishipa ya fahamu uligunduliwa rasmi mwaka 1956 miongoni mwa walaji wa samaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitaja zebaki ya kikaboni kuwa kisababishi mwaka 1959, lakini Serikali ya Japani ilikubali kwamba kiwanda cha Chisso ndicho chanzo mwaka 1968 tu. Kwa sababu ya hofu hiyo, Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hirokatsu Akagi kutoka Minamata walipima samaki na nywele za watu katika maeneo ya dhahabu ya Ziwa Viktoria. Matokeo yao ya mwaka 1996 yalionyesha kwamba zebaki katika samaki ilikuwa ndogo. Kisha mwaka 1999 Masazumi Harada, daktari aliyeyatumikia maisha yake kwa wagonjwa wa Minamata, pamoja na wenzake, walieleza kwamba wamekuta watu wa upande wa Mwanza wenye zebaki nyingi mno katika nywele. Je, ni samaki? Je, ni dhahabu? Haikuwa samaki wala dhahabu. Ilikuwa sabuni ya kuogea iliyotiwa zebaki.

Mwanafunzi na atafakari habari hiyo. Kama wapimaji wangetosheka na jumla ya zebaki iliyomo katika nywele, wangemshtaki mvuvi au mchimbaji, na ushahidi wao ungeonekana kamili. Zebaki inayotoka kwa samaki huwa imefungamana na kaboni. Ile ya sabuni si ya namna hiyo. Swali "ni zebaki kiasi gani?" halikutosha, ilibidi kuuliza pia "ni zebaki ya namna gani?" Uadilifu wa mkemia ni kulifuata swali hadi mwisho, hata pale jibu la nusu njia linapowapendeza wasikilizaji.

Kasoro iko wapi?

Turudi sasa katika Mto Mara. Samaki wanaokufa kwa kukosa oksijeni hawaachi sumu ya kuonyeshwa. Maji ya nyuzi 25 za Selsiasi, katika usawa wa bahari, hushika takribani miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na katika ziwa letu lililo juu ya mita 1,100 hushika pungufu kidogo. Zikishuka hadi miligramu 2, samaki wengi hutaabika na kufa. Lakini oksijeni hiyo haisafirishiki. Maji yakitiwa katika chupa ya kawaida na kupelekwa Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma, yakifika huko hayatasema tena yaliyokuwa yakisemwa na mto. Ni lazima yapimwe au yatiwe dawa ya kuishika oksijeni pale pale ukingoni.

Basi, kipimo cha siku ya msiba, hata kikiwa sahihi, hukosa ndugu wa kukitetea. Wananchi waliambiwa oksijeni imeshuka. Imeshuka kutoka wapi? Wiki iliyopita ilikuwa ngapi? Mvua za mwaka uliotangulia zilipoanza, ilishuka hadi ngapi? Kama wananchi wangekuwa na kumbukumbu ya vipimo hivyo, iliyobandikwa mahali pa wazi mwezi baada ya mwezi na kuzoewa kama wanavyozoea bei ya dagaa, taarifa ya kamati ingeweza kupimwa nao. Wangeikubali kwa sababu au kuikataa kwa sababu. Kwa kukosa kumbukumbu hiyo, walibakiwa na kuamini au kutoamini, na hayo si mambo ya sayansi.

Wako watakaosema kwamba dawa ya tatizo hili ni mashine za gharama kubwa. Mashine zinahitajika, na Mara inastahili maabara ya uchambuzi iliyo kamili. Butiama imepewa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius Nyerere, na itakuwa ajabu kama chuo hicho, kilichozungukwa na dhahabu, pamba na samaki, hakitaufanya uchambuzi wa kikemia kuwa moja ya nguzo zake. Lakini mashine bila watu waliozoea kupima hugeuka pambo la kufunikwa kitambaa, likisubiri fundi kutoka nje.

Kazi inayoweza kuanza sasa

Oksijeni ya majini hupimwa kwa njia iliyobuniwa na Lajos Winkler wa Hungaria mwaka 1888, nayo yafanywa kwa bureti ile ile ya shuleni. Chupa hujazwa maji mpaka juu bila kuacha povu la hewa. Pale pale ukingoni huongezwa salfeti ya manganizi na mchanganyiko wa alkali na iodidi ya potasiamu, na mashapo ya rangi ya kahawia huonekana: oksijeni imekwisha kukamatwa. Shuleni huongezwa asidi ya salfuriki; mashapo huyeyuka na iodini hutoka kwa kadiri ya oksijeni iliyokuwamo. Iodini hiyo hupimwa kwa thiosalfeti ya sodiamu, na wanga huonyesha mwisho wake pale rangi ya buluu inapopotea. Alkali na asidi hizo ni kali, kwa hiyo hushikwa na mwalimu au mbele ya macho yake.

Kati ya mwaka 2012 na 2015 wananchi walihimizwa kujenga maabara katika shule za sekondari za kata, na wengi walichanga fedha na nguvu zao. Kuta hizo zina deni kwa waliozijenga. Shule moja ya Musoma mjini ipime ziwa, moja ya Bunda ipime Ghuba ya Speke, na moja ya Butiama ipime Mto Mara upande wa Kirumi. Kila shule ipime mara moja kwa juma, mahali pale pale, saa ile ile, na daftari lisiwe la mwanafunzi bali la shule, lipokezwe kutoka kidato hadi kidato. Baada ya miaka kumi mkoa utakuwa na kitu ambacho hakinunuliwi kwa fedha yoyote. Vipimo vya wanafunzi havitachukua nafasi ya vile vya Mkemia Mkuu. Lakini vitamwambia mahali pa kutazama, na vitawafundisha wazazi wao maana ya tarakimu.

Tena hilo si jambo geni katika mkoa huu. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama na kuanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka shule isitengwe na maisha ya watu wanaoizunguka. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikwenda mbali zaidi, likataka kijana aonje kazi kabla ya kuingia chuo kikuu. Mtu aweza kubishana juu ya utekelezaji wa maazimio hayo. Lakini mwanafunzi anayepima mto ambao mama yake anachota maji hahitaji kuelezwa uhusiano wa kemia na maisha.

Mkemia mchambuzi hapati umaarufu. Akifanya kazi yake vizuri, halitokei jambo: samaki huuzwa, watoto hunywa maji, mkulima hujua dawa gani aiache. Hukumbukwa siku ya maafa tu, na siku hiyo huombwa majibu ya haraka ambayo yangetayarishwa kwa miaka kumi. Vijana wa Mara wanaopenda kemia na watazame kazi hii kwa makini, na walimu wao wawaonye tangu bureti ya kwanza: 24.6 iandikwe 24.6. Mto ukigeuka rangi tena, mkoa utahitaji watu ambao tarakimu zao zimekwisha kuzoeleka kuwa za kweli.